Kuishi na uoni hafifu Dar es Salaam: nilivyojifunza kueleza ninachokiona

Mimi naweza kusoma namba ya simu iliyoandikwa kwa kalamu kwenye kipande cha karatasi, na dakika hiyohiyo nikajikwaa kwenye ndoo iliyo miguuni pangu. Kwa anayenitazama, mambo haya mawili hayapatani, na ndiyo maana kwa miaka mingi shida yangu kubwa haikuwa giza, maana giza lenyewe sina, bali kuaminiwa. Kondakta wa daladala aliyeniona nimeinamia simu haelewi kwa nini nampapasa begani nikitafuta bomba la kushikilia, na jirani niliyempita bila salamu hana sababu ya kudhani kwamba sikumwona, kwa kuwa asubuhi ileile alinikuta barazani nikichambua mchele.

Ugonjwa wangu ni glakoma, ambayo watu wengi hapa mjini wanaiita presha ya macho. Ndani ya jicho mna maji yanayotengenezwa na kutoka wakati wote. Yakishindwa kutoka inavyopasa, shinikizo hupanda na kuumiza mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Madaktari huhesabu kati ya milimita 10 na 21 za zebaki kuwa kiwango cha kawaida, ingawa wapo wanaopoteza uoni hata wakiwa ndani ya kiwango hicho. Nyuzi za mshipa huo zikifa hazioti tena. Kinachotangulia kupotea ni pembeni, polepole na bila maumivu, huku katikati pakibaki safi, hivyo mgonjwa huendelea kusoma gazeti na kutunga uzi kwenye sindano hadi eneo lililosalia linapokuwa dogo kama tundu la ufunguo. Mimi nimefika hapo. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, mtu ambaye uwanja wake wa kuona hauzidi digrii 10 kutoka katikati huhesabiwa kuwa asiyeona, hata kama herufi zilizo mbele yake anazisoma. Siku daktari aliponieleza hivyo nilipata nafuu ya aina yake, kwa sababu nilikuwa nimeanza kujishuku mwenyewe.

Matone ninayotumia hayajanirudishia hata chembe ya nilichopoteza, wala hayakukusudiwa kufanya hivyo. Kazi yake ni kushusha shinikizo ili kilichobaki kibaki. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu kwenye foleni ya kliniki nimekutana na watu wengi walioacha dawa kwa maelezo kwamba haiwasaidii, kumbe walitarajia kuona zaidi wakati dawa inawazuia wasione pungufu, na baadhi yao wakahamia kwenye maji ya mizizi, asali, na vitu vingine ambavyo havipaswi kuingia jichoni kabisa. Chupa zangu ni mbili na zinafanana kwa umbo, kwa hiyo moja nimeivisha mpira wa kufungia fedha, na nikishadondosha tone hufumba jicho na kubonyeza kona ya ndani, karibu na pua, kwa dakika moja au mbili, ili dawa isikimbilie kooni na kwenye damu. Mwenye pumu amweleze daktari mapema, kwa sababu baadhi ya matone haya, timolol ikiwemo, huweza kubana kifua.

Ugonjwa huu hutembea katika ukoo. Nilipothibitishiwa, niliwapigia simu ndugu zangu wote wa tumbo moja, na mdogo wetu wa mwisho, ambaye hakuwa na dalili yoyote na alinicheka kwa kumsumbua, alikutwa na shinikizo la juu. Yeye anaona vizuri hadi leo na anaendesha gari. Kama kuna faida niliyoipata kutokana na macho yangu, basi ni hiyo.

Yanayobaki ni ya kila siku, na kwa sehemu kubwa ni kazi ya kueleza. Nyumbani tuko wengi, yupo mama mkwe, yupo wifi yangu na wapo watoto, na kila mmoja ilibidi ajue naona wapi na sioni wapi. Tulikubaliana mambo machache. Kitu kirudi kilipotoka. Kigoda kisiachwe katikati ya chumba. Mlango uwe wazi mpaka ukutani au ufungwe kabisa, kwa kuwa mlango ulioachwa nusu unanielekezea ukingo mwembamba ambao siuoni mpaka unapogonga paji la uso. Jiko la mkaa lilikuwa likikaa chini sakafuni, mahali ambapo mtu mwenye macho kama yangu halioni hata akiwa hatua moja kutoka hapo. Sasa limepandishwa juu ya matofali usawa wa kiuno, na mkono wa kikaango huelekezwa ukutani sikuzote. Mama mkwe, ambaye mwanzoni aliona naiharibu nyumba yake kwa sheria, siku hizi ndiye anayewakemea wajukuu kuhusu vigoda.

Jikoni rangi zinasaidia kuliko taa. Chai ya rangi naimimina kwenye kikombe cheupe, maziwa kwenye kikombe cheusi, maharage nayamwaga kwenye sinia jeupe. Kuhusu mchele, ambao ndio uliomchanganya jirani yangu, sichambui kama wanavyochambua wengine, wanaotupa macho kwenye ungo mzima na kulidaka jiwe palipo na jiwe. Mimi naugawa ungo kwa mistari. Naanzia ukingo wa kushoto, nausukuma mchele kidogo kwa vidole, naufuata mstari hadi mwisho, kisha nashuka mstari wa pili, kwa sababu jicho langu likiachwa lizurure linaruka sehemu nzima bila mimi kujua. Nachukua muda mrefu, lakini mawe yanatoka. Ufundi huuhuu ndio ninaoutumia kutafuta ufunguo ulioanguka, kusoma fomu, na kumtafuta mtu ukumbini: kuanzia ukingoni, kwa mistari, bila haraka. Mtu wa nje huona kichwa kinachogeuka taratibu kushoto na kulia na kudhani nimepoteza kitu au nimepotea mwenyewe.

Barabarani mambo ni mengine, kwa kuwa barabara haina mama mkwe wa kuikemea. Mitaro ya mtaani kwetu, upande wa Mbagala, mingi haina mifuniko. Bodaboda hupita kwenye njia ya waenda kwa miguu pale foleni inaposimama. Wenye vibanda hutandika bidhaa chini hadi ukingo wa lami, na miavuli yao imesimikwa kwa kimo cha jicho. Mvua ikinyesha, dimbwi na shimo huwa na sura moja. Jua kali nalo lina adha yake, kwani nikitoka kwenye mwanga wa saa saba mchana na kuingia dukani, kwa muda sioni chochote, na nimejifunza kusimama mlangoni nikihesabu taratibu hadi vitu vijitokeze badala ya kuingia kwa aibu ya kuziba njia. Jioni, baada ya magharibi, sitoki peke yangu.

Fimbo nyeupe niliikataa kwa muda, na sababu naamini wenzangu wenye uoni hafifu wanaijua: ukishika fimbo kisha ukaonekana unasoma kibao, utaambiwa unajifanya. Aliyenishawishi ni mkufunzi aliyenifundisha kutembea, ambaye yeye haoni kabisa. Alinisimulia kwamba mwaka 1921 James Biggs, mpiga picha wa Bristol nchini Uingereza aliyepofuka kwa ajali, alipaka fimbo yake rangi nyeupe ili madereva wamtambue, na kwamba ufundi wa kuizungusha fimbo ndefu ulitungwa baadaye, katika miaka ya 1940, na Richard Hoover aliyekuwa akiwahudumia wanajeshi wa Marekani waliopofuka vitani. Kwa maneno mengine, weupe wa fimbo ulikuwa kwa ajili ya macho ya wengine kabla fimbo haijawa chombo kamili cha mshikaji. Hapo ndipo nilipoona kwamba inanifaa mimi kuliko hata mkufunzi wangu. Ile kazi ya kumweleza kila kondakta na kila dereva wa bajaji kwamba naona hiki na sioni kile, fimbo inaifanya kabla sijafungua mdomo.

Matumizi yake yana kanuni. Urefu hupimwa kutoka ardhini hadi kifuani, penye mfupa wa katikati. Mguu wa kulia ukitangulia, ncha inagusa kushoto, mahali ambapo mguu wa kushoto utafuata kutua, na hivyohivyo kwa upande wa pili, hivyo kila hatua inakuwa imekaguliwa kabla ya kupigwa. Fimbo inanijulisha mtaro, ngazi, kamba ya mbuzi na tairi lililolazwa. Haijui habari za bati la kibanda, kioo cha pembeni cha lori au tawi la mwarobaini, kwa hiyo navaa kofia yenye ukingo mgumu, na ukingo huo umeshagongwa mara nyingi badala ya uso wangu.

Wema wa watu wa mji huu ni mwingi na una haraka. Anatokea kijana, anakamata ncha ya fimbo, anakuvuta hadi ng'ambo ya barabara ambayo hukuwa na mpango wa kuivuka, na anaondoka na thawabu zake. Kukasirika hakufai, kwa kuwa kesho utamhitaji yeye au mwenzake. Nimezoea kuzungumza nao hivi:

“Mama, twende, nikuvushe.”

“Asante mwanangu. Acha fimbo, nipe kiwiko chako, wewe tangulia. Ukifika ukingo wa lami niambie.”

“Tumefika. Kuna mtaro pale.”

“Pale wapi? Kulia au kushoto? Ni hatua ngapi?”

Kijana huyo akishajibu mara mbili hivi, anakuwa mwongozaji mzuri kuliko ndugu yako wa damu, kwa kuwa ameambiwa afanye nini. Ukiwa umeshika kiwiko na uko nusu hatua nyuma yake, mwili wake unakupa habari zote: ukishuka kwake umejua ni ngazi, ukisimama kwake umejua kuna gari. Mtu anayesukumwa kutoka nyuma hana habari yoyote, anatangulizwa kwenye shimo. Nimegundua kwamba watu wengi hawajui hili kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia, na sisi tunaovushwa ndio tunaopaswa kusema, kwa sauti ya kawaida, bila kuomba radhi.

Kwenye daladala nasikiliza makondakta, ambao kwa kelele zao ni watumishi wazuri wa wasioona, kisha nathibitisha kwa abiria aliye karibu. Nikipanda namwambia kondakta mara moja, “Sioni vizuri, nishushe Mtoni kwa Aziz Ally,” na nakaa karibu na mlango, nikikumbusha tunapokaribia. Sitegemei kumbukumbu yake peke yake. Matuta na vituo vya Barabara ya Kilwa nimeviweka kichwani kwa mpangilio, nikivihesabu, na gari likibadilisha njia kukwepa foleni nauliza papo hapo tuko wapi.

Fedha zinahitaji utaratibu usiovunjwa. Noti za shilingi 1,000, 2,000, 5,000 na 10,000 hutofautiana ukubwa, lakini tofauti ni ya milimita chache, na noti iliyochakaa kwenye mkono wenye jasho haitambuliki kwa kupapasa. Nyumbani, kwenye mwanga, nazipanga: ya 1,000 haikunjwi, ya 2,000 inakunjwa mara moja kwa upana, ya 5,000 inakunjwa kwa urefu, na ya 10,000 ina mfuko wake wa zipu. Chenji nikirudishiwa naipokea noti moja moja, nikimtaka mwuzaji ataje kila anayonipa, kisha naiweka mfuko mwingine mpaka nitakapoikagua. Ndugu yetu anayefanya biashara Mombasa alinipitishia mkononi noti za Kenya zilizotoka mwaka 2019, ambazo zimewekewa alama za kupapasa kwa ajili ya wasioona, na nilitamani sana.

Simu imenipunguzia mengi na kuniongezea machache. Macho yanapochoka nawasha TalkBack, inayosoma kwa sauti kila ninachogusa kwenye skrini. Tatizo ni menyu za kutuma pesa, ambazo hujifunga zenyewe baada ya muda mfupi, mara nyingi sauti ikiwa katikati ya kusoma chaguo la nne. Nilichofanya ni kukariri mfuatano wa namba kwa kila huduma ninayoihitaji, ili niziandike bila kusubiri kusomewa. Namba ya siri naiingiza nikiwa nimevaa kisikilizi kwenye sikio moja tu, kwa kuwa sikio la pili nalihitaji kujua nani amesimama karibu. Simpi wakala simu yangu aniingizie, hata akiwa mtu ninayemfahamu. Halafu kuna kadi za michango ya harusi. Zote siku hizi zinatumwa kwenye makundi ya WhatsApp kama picha yenye maua na maandishi ya kujipinda, ambayo msomaji wangu wa skrini anaitamka kwa neno moja tu, “picha”. Nimekuwa nikijibu, “Hongereni, naomba mniandikie tarehe na kiasi,” na mweka hazina mmoja alidhani natafuta njia ya kukwepa mchango.

Kazini niko masjala, mahali pasipo na huruma kwa macho. Majalada yote yana rangi moja na namba ndogo. Tulibandika lebo zenye namba kubwa za wino mweusi, rafu zikapangwa upya ili majalada yanayotumika sana yawe kati ya kiuno na kifua, na kwenye kompyuta natumia NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni. Kwa kutia saini nina kadi ngumu niliyoikata dirisha dogo; mwenzangu anaiweka palipo na mstari, nami naandika ndani ya dirisha. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 ya watu wenye ulemavu, na ni sheria njema, lakini asilimia haipangi rafu. Rafu zilipangwa kwa sababu nilikwenda kwa mkuu wangu na orodha fupi ya vitu vinavyohitajika, vingi vikiwa vya bei ndogo, badala ya kwenda kumweleza kwamba nateseka.

Lililonichukua muda mrefu kuliko yote ni salamu. Katika mji huu mtu anaweza kukusamehe deni, lakini kumpita bila kumwamkia ni jambo zito, na akiwa mkubwa wako ni zito zaidi. Mimi nimewapita wazee, wachungaji, mashehe na shemeji zangu, mara nyingine wakiwa wamenyoosha mkono ambao ulibaki hewani chini ya upeo wa macho yangu. Nikasemwa kwamba tangu niajiriwe naringa. Njia niliyoipata ni kuanza mimi: nikihisi mtu anakaribia, kwa hatua au kwa harufu ya udi, nasalimia, na mkono nautoa wa kwanza. Mara nyingine nimemwamkia mtoto wa shule shikamoo, akaitikia marahaba kwa heshima zote, na hasara hiyo naivumilia. Nisichovumilia ni ule mchezo wa mtu kukushika bega na kusema, “Hebu nitambue, mimi nani?” huku akicheka, katikati ya kelele za soko. Kwa hao nina jibu moja: “Sikujui, jitambulishe.” Wengi hukasirika kidogo kisha hutaja majina yao, na safari inayofuata huanza na jina.

Ofisi nyingine zina tabia ya kumwuliza niliyeongozana naye, “Anataka nini?”, nami nimesimama hapohapo mbele ya dirisha. Binti yangu ameshajua la kufanya: anarudi hatua moja nyuma na kunyamaza, na ukimya ukizidi, mhudumu analazimika kuniuliza mimi.

Juu ya ule mtaro wa mtaani, niliwahi kulalamika kama kila mtu anavyolalamika, na hakuna kilichofanyika. Safari iliyofuata nilikwenda ofisi ya serikali ya mtaa na mjumbe wetu, nikamwomba mwenyekiti atembee nami kutoka kwangu hadi kituoni, yeye akiwa amefumba macho na kushika kiwiko changu. Alikubali nusu ya njia. Tulihesabu pamoja sehemu ambazo mtaro unakata njia, tukaziandika kwa kutaja nyumba iliyo karibu na kila moja, na wakazi wakachangishana saruji na nondo. Mifuniko ya zege imeshawekwa mbele ya msikiti na mbele ya mashine ya kusaga. Uliobaki ni wa karibu na kituo, ambako mwenye kibanda anadai mfuniko utaziba maji yaelekee kwake, na Jumamosi fundi anakuja kupima mteremko.